Upatu Usioombewa Zamu

Saa kumi alfajiri, Duluth bado imejifunika theluji,
nimewasha taa mbili tu katika duka la mikate:
moja juu ya tanuri, moja juu ya karatasi.

Tuko saba.
Bwana Lindqvist, wakala wa bima, ametupanga kwa safu:
jina, tarehe ya kuzaliwa, bei.
Sikujua kama mtu ana bei mpaka nilipoisoma.
Tanner, miaka ishirini na miwili, rahisi kama skonzi ya jana.
Yesenia na wanawe wawili, bei ya kawaida, mara tatu.
Darlene, sitini na mmoja, aliyelikuta tanuri hili
kabla sijajua kutamka jina la mji huu:
namba yake inaikaribia nusu ya kodi ya duka.

Goti lake la kushoto halimo kwenye safu.
"Goti haliulizwi," alisema Lindqvist, "sheria imekataza.
Tunauliza umri tu."
Kana kwamba goti na umri
havikunyonya titi moja.

Kuna mpango wa shaba, kuna wa fedha, kuna wa dhahabu,
utadhani tunashindana riadha.
Shaba ni nafuu kila mwezi, lakini siku ukiugua
unatoa kwanza dola elfu saba zako mwenyewe
ndipo bima ikunjue ngumi.
Dhahabu sikuufungua hata ukurasa.

Nikawakusanya baina ya magunia ya unga.
Mama yangu, Tanga, nikawaambia, alicheza upatu
na wanawake kumi na mmoja:
mabati, sufuria, ada ya shule,
kila mmoja akihesabu vidole zamu yake ifike.
Huu nao ni upatu,
ila huu kila mtu anaomba zamu yake
isifike.
Yesenia akacheka, kwao Mexico huuita tanda.
Tanner hakucheka. Yeye haumwi, akasema,
na pesa yake anaijua itakwenda wapi.
Lakini kampuni inataka wengi wetu tuingie;
tukipungua, mlango hauko.

Hapo Darlene akapangusa mikono kwenye aproni.
"Nitoeni mimi," akasema. "Hesabu itawashukia."
Alilisema kama anayempisha mtu kwenye foleni ya benki.
Hakuna aliyemjibu.
Tanuri likanguruma, mtu akakohoa,
na mkate wa zabibu ukaungua ukingoni
kwa sababu sote tulikuwa tunaitazama sakafu.

Nilikaa na kalamu hadi kukapambazuka.
Mkate wa ngano nzima, ongeza senti sitini.
Gari la kusambazia, ling'oke mlango, lisubiri mwakani.
Fedha, basi. Sehemu kubwa nalipa mimi, inayobaki wao,
na Darlene hatoki.

Msinisifu.
Mstari wa saba ni wangu, na chini ya kwapa la kulia
nina kitu kama punje ya harage
ambacho sijamwonyesha mtu tangu Oktoba.

Tanner alitia saini siku ya mwisho, saa ya mwisho.
Hakueleza. Sikuuliza.
Wateja watatu walinung'unikia zile senti sitini;
mmoja hajarudi, na alikuwa akinunua mikate minne.
Mkataba wenyewe ni wa mwaka mmoja,
mwakani Lindqvist atakuja na safu nyingine,
nasi sote tukiwa tumezeeka kwa mwaka mmoja.

Kadi zimefika kwa posta, nyembamba, nyepesi.
Yangu ingali ndani ya bahasha, chini ya risiti za chachu.
Darlene amebana simu baina ya sikio na bega,
anasubiri kliniki ya magoti impokee;
muziki unazunguka, sauti inamwambia
simu yake ni muhimu sana, asikate,
naye hakati, mikono yote miwili imezama katika kinyunya,
anakanda, anageuza, anakanda.

Akimaliza nitamuuliza
namba ni ipi.